Mashine Inayosikiliza: Historia Fupi ya Vyombo Vinavyobuni Muziki

Kila aliyewahi kusali kwenye kanisa lenye kinanda cha umeme anakijua kile kitufe. Mpigaji anakibonyeza, mara ngoma zinaanza zenyewe, besi inaingia, rumba inatembea. Mpigaji anaweza kuondoa mikono akanywa maji na muziki hauna habari. Kwaya ikichelewa, ngoma haziwangoji. Mchungaji akianza maombi ghafla, ngoma zinaendelea mpaka mtu akimbie kuzizima. Mashine ile inapiga vizuri, hilo hatubishi. Lakini haisikii kitu.

Makala hii inahusu mashine za aina nyingine: zile zilizotengenezwa ili zikae na wanamuziki, ziwasikie, na zibuni chao papo kwa papo. Wandugu waliokulia kwenye rumba ya Kongo wanajua maana ya kubuni papo kwa papo, maana ndo kazi ya sebene. Maneno ya wimbo yameisha. Mpiga solo anamwangalia mchezaji, mchezaji anabadilisha kiuno, gitaa linamfuata. Atalaku anatupa neno, ngoma inamjibu. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba sekunde ya kumi gitaa lifanye hivi. Kila mmoja anaamua kutokana na alichokisikia sasa hivi.

Je, mashine inaweza kuingia kwenye sebene? Watu wamelihangaikia swali hili kwa muda mrefu kuliko tunavyodhani. Na ili tusipotee njiani, tushike kipimo kimoja, nitakirudia kwa kila mashine: nikipiga tofauti, itanijibu tofauti?

Mashine za wakubwa

Tuanzie Baghdad, karne ya 9. Ndugu watatu, Muhammad, Ahmad na Hasan, wanaojulikana kama Banu Musa, yaani wana wa Musa, walikuwa mafundi na wataalamu wa hesabu. Waliandika namna ya kutengeneza filimbi inayojipiga yenyewe. Maji yalisukuma hewa, hewa ikaingia kwenye filimbi, na silinda yenye vijino vidogo ikazunguka polepole ikifungua na kufunga matundu. Ukipanga vijino, umepanga wimbo. Waliofuatilia historia ya kompyuta wengi wanaitaja silinda hii kama moja ya mashine za mwanzo zilizopewa maagizo kabla ya kufanya kazi.

Mwaka 1206 fundi mwingine, al-Jazari, aliyewatumikia watawala wa Diyarbakir katika nchi ambayo leo ni Uturuki, alimaliza kitabu chake cha mitambo. Humo kuna mashua yenye wanamuziki wanne wa bandia. Inaelea kwenye bwawa wakati wa karamu, na kila baada ya muda wanamuziki wale wanapiga, wageni wanashangaa.

Tuweke kipimo chetu. Mgeni akiimba, mashua inabadilisha wimbo? Hapana. Inapiga ilichopangiwa. Ni babu wa kile kitufe cha kanisani.

Miaka mia sita baadaye Mjerumani aliyeishi Amsterdam, Dietrich Nikolaus Winkel, alijaribu kuivunja kamba hiyo. Mashine yake ya mwaka 1821, Componium, ilikuwa kinanda kikubwa cha mabomba chenye silinda mbili. Moja ilipiga kipande kifupi cha wimbo huku ya pili imenyamaza. Katika kunyamaza kwake, ya pili iliweza kusogea kidogo ubavuni na kuchagua namna nyingine ya kupiga kipande kinachofuata. Isogee au isisogee? Hilo liliamuliwa na gurudumu la bahati, mfano wa mchezo wa kamari. Kisha zamu inageuka. Kwa hiyo wimbo uleule ulitoka kila mara na sura mpya. Ilipopelekwa Paris mwaka 1824 kuna waliokataa kuamini, ikabidi wataalamu wawili, Biot wa fizikia na Catel mtunzi wa muziki, waikague na kuthibitisha kwamba kweli inachagua yenyewe. Leo ipo kwenye jumba la makumbusho ya vyombo vya muziki mjini Brussels.

Huyu Winkel ndiye pia aliyebuni kanuni ya kile kifaa cha kupimia mwendo wa muziki, kinachogonga tik-tak juu ya piano. Johann Maelzel akaichukua, akaisajili kwa jina lake mwaka 1815, na mpaka leo alama ya kwenye vitabu vya muziki ni ya Maelzel. Nataja jambo hili kwa sababu historia ya mafundi ndivyo ilivyo: mwenye kazi na mwenye jina mara nyingi ni watu wawili.

Rudi kwenye kipimo. Componium inabadilika, ndiyo. Lakini inabadilika kwa bahati, haijali nani yuko mbele yake. Mtu anayekujibu ovyo hajakusikiliza, hata kama kila siku ana jibu jipya.

Kompyuta za kwanza nazo hazikubadilisha hili kwa haraka. Mwaka 1957, katika Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, Lejaren Hiller na Leonard Isaacson walimaliza Illiac Suite, muziki wa vinanda vinne vya nyuzi uliotungwa kwa kompyuta iliyojaza chumba. Kompyuta ilitoa namba, watu wakazigeuza kuwa noti, wanamuziki wakapiga. Ilikuwa kazi kubwa. Lakini mashine yenyewe haikuwepo jukwaani. Ilikuwa kama karani aliyeandika barua na kwenda zake.

Ubao wa dola 245

Mambo yaligeuka mashine ilipokuwa rahisi. Mwaka 1976 kampuni ya MOS Technology ilitoa KIM-1, na bei yake ilikuwa dola 245. Msifikirie kompyuta mnayoijua. Ulikuwa ubao mtupu wa saketi, bila kasha, bila skrini, na tarakimu sita za taa nyekundu na vitufe kama vya kikokotoo. Kumbukumbu yake ilizidi kidogo herufi elfu moja, yaani maandishi ya aya chache tu.

Ubao huo uliwafikia wanamuziki wa Oakland na Berkeley, California, wengi wao wakizunguka Chuo cha Mills. Mmoja wao, David Behrman, mwaka 1977 alirekodi kazi iitwayo On the Other Ocean. Wapigaji walikuwa wawili, mmoja wa filimbi na mwingine wa basuni. Behrman aliunganisha KIM-1 na saketi zilizoweza kutambua noti sita tu. Mpigaji akigusa moja ya hizo sita, kompyuta inabadilisha sauti za umeme zinazolia nyuma yake. Mpigaji anasikia mabadiliko, naye anabadilika. Kompyuta inasikia tena.

Kipimo chetu kinasemaje? Nikipiga tofauti, inajibu tofauti. Noti sita tu, sikio dogo sana, lakini sikio.

Mwaka 1978, katika eneo hilohilo, Jim Horton, John Bischoff na Rich Gold waliunda kikundi cha The League of Automatic Music Composers. Baadaye waliungana nao Behrman na Tim Perkis. Wao walifanya jambo la ajabu zaidi: kila mmoja alikuja na kompyuta yake yenye programu yake, wakaziunganisha kwa nyaya ili zipelekeane namba. Ya kwanza ikipiga noti fulani, ya pili inapata habari na kubadilisha mwendo. Ya tatu inapata habari ya ya pili. Hakuna kati yao aliyejua jumla itakuwaje. Jumapili moja kila baada ya wiki mbili waliweka meza zao kwenye ukumbi wa Wafini mjini Berkeley, wakaziacha mashine zipige kwa saa moja au mbili huku wao wakirekebisha hapa na pale. Watu waliingia, wakauliza maswali, wakakaa au wakaondoka. Kikundi kiliendelea hadi mwaka 1983.

Hapa ndugu zangu wa Kongo wataniuliza: na sisi je? Miaka hiyohiyo, mjini Kinshasa, Mawangu Mingiedi alikuwa na tatizo tofauti. Alipiga likembe kwa mtindo wa Bazombo wa mpakani na Angola, na kelele za mji zilikuwa zinaimeza. Likembe moja haishindani na magari. Basi yeye na wenzake wakachukua sumaku za vipuri vya magari ya zamani, wakatengeneza maikrofoni, wakachonga nyingine kwa mbao, wakaweka vipaza sauti vikubwa vya chuma. Kikundi chao, Konono No.1, kilirekodiwa mwaka 1978, mwaka uleule wa wale wa Berkeley, lakini dunia ilikuja kukijua vizuri baada ya albamu ya Congotronics ya mwaka 2004. Mashine za Mingiedi hazikubuni muziki zenyewe. Waliobuni walikuwa watu. Lakini mikwaruzo ya vile vipaza sauti iliingia kwenye wimbo, wapigaji wakaisikia na kuitumia. Kwa hiyo ufundi wa kutengeneza chombo cha umeme kwa vitu vilivyotupwa, kisha kujifunza kupiga nacho, usidhani ni hadithi ya California peke yake.

George Lewis na mashine isiyongoja amri

Sasa tufike kwa mtu ambaye, kwa maoni yangu, ndiye aliyelichukua swali hili mpaka mwisho wake. George Lewis alizaliwa Chicago mwaka 1952. Ni mpigaji wa tromboni. Mwaka 1971, akiwa bado kijana, alijiunga na AACM, chama cha wanamuziki Weusi kilichoundwa Chicago mwaka 1965.

Lazima tuelewe chama hicho kilipambana na nini. Mwanamuziki Mweusi wa Marekani alisifiwa kwa mdundo na hisia, halafu akanyimwa akili. Akibuni papo kwa papo, aliambiwa anatoa tu kilicho moyoni, kama maji yanavyotoka kwenye bomba. Mtunzi mwenye kalamu na karatasi ndiye aliyehesabiwa kuwa anafikiri. AACM walikataa. Walitunga, walifundishana, walipanga matamasha yao wenyewe, na wengi wao walipiga vyombo vingi kuliko kimoja. Walisema kubuni ni kufikiri, tena kufikiri kwa haraka mbele za watu.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 Lewis alikutana na Behrman na wenzake, akanunua KIM-1, akajifundisha kuandika programu. Mwaka 1979 akapiga New York kazi aliyoiita The KIM and I: yeye na tromboni, na ule ubao. Mwaka 1984, kwenye kituo cha IRCAM mjini Paris, alionyesha Rainbow Family, kompyuta tatu za Apple II zilizounganishwa zikipiga pamoja na watu kama Joëlle Léandre wa besi kubwa na Derek Bailey wa gitaa. Kisha, kati ya 1986 na 1988, kwenye studio ya STEIM mjini Amsterdam, mji uleule wa Winkel, aliandika programu ya Voyager.

Voyager inafanyaje kazi? Ifikirie kama okestra yenye wapigaji 64 wasioonekana, kila mmoja akishika mstari wake. Programu inasikiliza hadi watu wawili kwa wakati mmoja. Haichukui noti tu. Inapima mambo kama thelathini: mwendo, ukubwa wa sauti, juu au chini, noti zimesongamana au zimeachana, na kadhalika. Kisha kila baada ya sekunde tano hadi saba, sehemu moja ya programu inapanga upya kikundi: nani anyamaze, nani aingie, sauti gani zitumike, mwendo gani, na vile vilivyosikika vifanyiwe nini. Hapo kuna njia kuu tatu. Inaweza kukuiga. Inaweza kukupinga kabisa, wewe ukienda juu yenyewe inashuka. Au inaweza kukupuuza ikaendelea na yake.

Na kuna jambo la nne: usipopiga chochote, inapiga. Haikungoji.

Wengi waliposikia hivyo walitaka kujua mtu anaidhibiti vipi. Hakuna kitufe cha kuipa amri ukiwa jukwaani. Ukitaka ibadilike, piga. Lewis ameandika wazi kwamba aliikusudia hivyo, asiweke mtu kama bosi na mashine kama mtumishi. Katika makala yake ya mwaka 2000 alieleza pia kwamba programu hii imebeba tabia za muziki wa Waafrika wa Marekani: sauti nyingi kwa pamoja, midundo tofauti inayokaa bega kwa bega, pasipo mmoja kuwazidi wengine. Waliozoea muziki wenye kiongozi mmoja waliona kuna noti nyingi mno. Yeye akalichukua lawama hilo akalifanya jina la makala.

Angalia alichokifanya hapo. Watu wengi huamini kompyuta haina kabila wala mji. Hesabu ni hesabu. Lewis akaonyesha kwamba kila programu ina adabu za aliyeiandika. Ukilelewa kwamba mmoja anasema na wengine wanatii, utaandika mashine inayotii. Ukilelewa kwenye chama kama AACM, utaandika mashine inayojibizana. Mwaka 1993 ilitoka albamu ya Voyager, Lewis na Roscoe Mitchell wakipiga nayo, na mwaka 2004 programu ya ukoo huohuo ilicheza piano mbele ya okestra nzima ya watu, katika kazi iitwayo Virtual Concerto.

Waliofuata

Baada yake walikuja wengi, nitawapitia kwa kifupi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 huko IRCAM ilianza programu ya OMax. Yenyewe haina muziki wake. Inakusikiliza, inakumbuka ulichopiga kwa mpangilio, na inatafuta mahali ulipopita mara mbili kwa njia moja. Hapo ndipo njia panda: inaanza na sentensi yako ya dakika ya kwanza, ikifika njia panda inarukia sentensi ya dakika ya tano. Unasikia mtindo wako, lakini ukisema mambo ambayo hujawahi kusema. Mmoja wa walioitengeneza, Marc Chemillier, alikuwa amechunguza kwa hesabu muziki wa kinubi wa Wanzakara, watu wanaoishi Jamhuri ya Afrika ya Kati na upande wa Kongo. Kwa hiyo sehemu ya elimu iliyomlea mtaalamu huyo ilitoka vijijini kwetu, kwa wapiga vinubi ambao majina yao hayako kwenye mabango ya matamasha ya Paris.

Kwenye chuo cha Georgia Tech, Marekani, Gil Weinberg na wenzake walitengeneza roboti Haile anayepiga ngoma, na baadaye Shimon mwenye mikono minne anayepiga marimba, akitikisa kichwa ili mpigaji mwenzake ajue mdundo uko wapi. Na jina marimba lenyewe ni la Kibantu, lilivuka bahari na watu waliochukuliwa utumwani.

Kipimo kwa ajili yetu

Kwa nini haya yasomwe kambini, ambako hata umeme ni wa kubahatisha?

Kwanza, kwa sababu sisi tunaishi katikati ya mashine na mifumo inayotuambia inatusikiliza. Kuna sanduku la maoni. Kuna namba ya simu ya bure yenye sauti iliyorekodiwa, bonyeza moja, bonyeza mbili. Kuna mhoji na tableti yake, anasoma swali, unajibu, anagusa kioo. Nanyi mnaofanya kazi kwenye mashirika mnajua kwamba fomu ile nanyi imewafunga, hamkuiandika ninyi. Sisemi vyote hivi havifai. Nasema historia hii imetuachia swali la kuviuliza: nikisema tofauti, jibu linabadilika? Kama mama wa watoto sita na kijana aliye peke yake wakieleza mambo mawili tofauti kabisa na wakapewa sentensi ileile, basi ile ni mashua ya al-Jazari. Inaelea vizuri, wageni wanaipenda. Na kama jibu linabadilika kila wiki bila sababu inayojulikana, hilo ni gurudumu la Winkel.

Kusikiliza kuna dalili zake. Behrman alikuwa na sikio la noti sita tu, na alilitumia lote. Afadhali ofisi inayosema wazi "tunaweza kusikia mambo sita haya, na haya ndiyo tutakayobadilisha", kuliko inayojisifu inasikia yote na haisogei. Hata Voyager inapokupuuza, baada ya sekunde tano hadi saba inapanga upya.

Pili, kwa sababu kazi hii inafanyika kwa vitu vidogo. Simu ya kawaida yenye kumbukumbu ya GB 1 inaipita KIM-1 karibu mara milioni moja. Kuna programu ya bure iitwayo Pure Data, iliyoanzishwa na Miller Puckette miaka ya 1990, na inaendeshwa hata kwenye kompyuta kuukuu. Huhitaji kuandika maneno mengi. Unachora visanduku na kuviunganisha kwa mistari. Kijana mmoja wa likembe au gitaa, laptop moja ya kituo cha vijana, maikrofoni moja, na saa chache za umeme, zinatosha kuanza. Anza kama Behrman: chagua noti sita. Ikisikia hii, ibadilishe sauti ile. Kisha mpe mwenzako apige, wewe kaa kimya, uone kama mashine itamjibu yeye au itaendelea kukujibu wewe uliyeitengeneza.